Samaki wa sushi agandishwe kwanza

Sushi, chakula cha Wajapani cha wali uliotiwa siki na kuwekewa samaki, mara nyingi mbichi, siku hizi huuzwa hata katika mikahawa ya mitaani jijini Nairobi. Wateja wengi huuliza swali moja tu: je, samaki huyu amevuliwa leo?

Kwa maoni yangu, hilo silo swali muhimu. Samaki wa baharini aliyevuliwa asubuhi anaweza kuwa na minyoo aina ya anisakis. Mtu akiimeza ikiwa hai, huenda akapatwa na maumivu makali ya tumbo na kutapika. Siki, ndimu na wasabi haviiui. Kinachoiua ni moto, au baridi ya nyuzi 20 chini ya sufuri kwa siku 7. Friji nyingi za nyumbani hazifikii baridi hiyo.

Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wajiepushe na samaki mbichi kabisa. Kuna sushi ya yai, ya tango na ya kamba waliopikwa.

Sisi wengine tumuulize mwenye mkahawa: samaki huyu aligandishwa kwa siku ngapi? Akikosa jibu, tuagize kilichopikwa. Kuuliza si ujinga.