Makosa yalikuwa matano, kwa nini jina libaki moja?

Kuna video fupi ya mchezo wa besiboli ya mwaka 1986 ambayo mpaka leo inazunguka katika simu. Mchezaji mwenye masharubu anainama, mpira mdogo unapita katikati ya miguu yake, mtu wa timu ingine anakimbia na kuingiza pointi, uwanja unalipuka. Video inakatikia hapo. Chini yake watu wanaandika: huyu ndiye aliyewanyima Boston kombe.

Ni uongo. Na si uongo mdogo wa kuchekesha, maana ulimfuata Bill Buckner miaka zaidi ya ishirini, yeye na familia yake. Tena uongo huo unawaibia washindi. Mtu akiamini video ile, ataamini kwamba New York Mets hawakushinda mechi, waliokota tu. Basi inapashwa kuisimulia mechi yote, kutoka pale video inapopenda kufichia.

Kwa wale wasiozoea besiboli: timu mbili za watu tisa zinapokezana, moja inarusha na kulinda, ingine inapiga. Mpigaji anapaswa kuzunguka vituo vitatu na kurudi cha nyumbani, hapo ni pointi moja. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu imekwisha. Zamu ni tisa kwa kila timu, na kama ziko sawa wanaendelea mpaka mmoja atoke mbele. Fainali yao si mechi moja, ni mpaka timu ishinde mechi nne.

Tarehe 25 mwezi wa kumi 1986, katika uwanja wa Shea, mjini New York, Boston Red Sox walikuwa wameshinda mechi tatu na Mets mbili. Boston ilibakiza ushindi mmoja tu. Kombe walikuwa hawajaligusa tangu 1918. Mechi hiyo ya sita ilifika zamu ya tisa ikiwa 3-3. Katika zamu ya kumi Dave Henderson wa Boston alipiga mpira ukatoka nje ya uwanja, kisha ikaongezeka pointi ingine: 5-3. Zamu ya Mets ikaanza, wapigaji wawili wakatolewa haraka. Keith Hernandez, yule wa pili kutolewa, aliingia ndani ofisini kwa kocha, akatazama mwisho kwenye televisheni. Hata ubao wa uwanja ulionyesha kwa muda mfupi maneno ya kuwapongeza Boston.

Hapo ndipo watu watatu walifanya kazi ambayo hakuna anayeituma kwa simu. Gary Carter, mdakaji wa Mets, alipiga akafika kituo cha kwanza. Kevin Mitchell, aliyeingizwa kama mbadala, naye akapiga, akafika. Ray Knight alikuwa tayari amekosa mara mbili, na kwa sheria kosa la tatu lingemtoa na kufunga msimu mzima. Akapiga. Carter akarudi nyumbani: 5-4. Mitchell akafika kituo cha tatu. Hakuna mmoja wao aliyepiga kwa nguvu ya ajabu. Ilikuwa mipira midogo, ya watu waliokataa kutolewa, mmoja nyuma ya mwenzake.

Kocha wa Boston, John McNamara, alimtoa mrushaji Calvin Schiraldi, akamwingiza Bob Stanley. Mbele yake akasimama Mookie Wilson. Kati ya wote wa usiku ule, Wilson ndiye anayestahili video yake mwenyewe. Alirushiwa mipira kumi. Aligusa kadhaa ikaenda pembeni, kwa kuendelea tu kuishi. Boston walikuwa tena mrusho mmoja mbali na kombe. Mrusho wa saba ulikuja moja kwa moja kwenye miguu yake, na Wilson akaruka, akajikunja hewani ili usimguse. Ungemgusa, angepewa kituo cha kwanza bure na Mitchell angebaki pale pale. Hakuguswa. Mpira ukampita mdakaji wa Boston, Mitchell akaingia nyumbani mbio: 5-5. Knight akasogea kituo cha pili.

Tano kwa tano. Buckner alikuwa bado hajagusa chochote. Kombe ambalo watu wanasema aliliangusha lilikuwa limekwisha kutoka mikononi mwa Boston kabla mpira haujamfikia. Kilichobaki kilikuwa mechi iliyo sawa, ambayo ingeweza kwenda upande wowote. Ndipo mrusho wa kumi ukaja, Wilson akapiga mpira wa chini kwenda kituo cha kwanza, ukapita miguuni mwa Buckner, Knight akaingia: 6-5. Na kuna ambao mpaka leo wanabisha kwamba hata angeudaka, Wilson alikuwa na mbio, Buckner alikuwa na miguu mibovu, na Stanley alichelewa kufika kumsaidia. Kwa hiyo hata ile sekunde yenyewe si nyepesi kama inavyoonyeshwa.

Sasa karatasi ya mechi. Waandishi wa besiboli wanaandika kila kosa kama karani wa mahakama, na usiku ule waliandika makosa matano: matatu ya Boston, mawili ya Mets. Moja kati ya yale ya Mets lilikuwa la Ray Knight. Ndiyo, huyo huyo. Katika zamu ya saba, mechi ikiwa 2-2, alitupa mpira vibaya na Boston wakapata pointi ya tatu kutokana na hilo. Nani anakumbuka? Siku mbili baadaye Knight alichaguliwa mchezaji bora wa fainali. Na Rick Aguilera, mrushaji aliyewapa Boston zile pointi mbili za zamu ya kumi, ndiye kitabu kinamwandika kuwa mrushaji mshindi wa mechi. Hakuna ubaya, ndiyo sheria yao. Lakini inaonyesha jinsi ushindi wa pointi moja unavyofanya: kosa la mshindi linafutwa kwa maji, kosa la mshindwa linachorwa kwenye mawe.

Watetezi wengine wa Buckner wanamfanya malaika, na hilo nalo si sawa. Alikosa. Mpira ule ni wa kudaka, na katika zamu ya nane, vituo vyote vitatu vikiwa vimejaa watu wa Boston, yeye ndiye aliyepiga mpira wa juu ukadakwa na zamu ikaisha. Alicheza vibaya usiku ule. Lakini alikuwa na miaka 36, vifundo vya miguu vimechoka, anatembea kwa shida, na kocha wake alijua. Katika mechi ambazo Boston walishinda katika fainali ile, mwishoni McNamara alikuwa akimtoa Buckner na kumwingiza Dave Stapleton kulinda kituo cha kwanza. Usiku ule hakumtoa. Kwa nini hakuna video ya kocha ameketi kwenye benchi? Kwa sababu mtu aliyekaa hachekeshi.

Tena, ambacho wengi hawakijui kabisa: mechi ya sita haikuwa ya mwisho. Ilikuwa 3-3 katika hesabu ya mechi. Siku mbili baadaye walicheza ya saba, na Boston waliongoza 3-0 mpaka zamu ya sita. Wakafungwa 8-5. Knight tena ndiye aliyepiga mpira nje ya uwanja kuwaweka Mets mbele. Na Buckner? Katika zamu ya nane alipiga, akafika kituo, akaingia nyumbani na moja ya pointi za Boston. Anayesema Buckner alipoteza kombe anapashwa kwanza aeleze nani alipoteza zile pointi tatu za mechi ya saba.

Wengine walienda mbali zaidi, wakasema ni laana. Babe Ruth, nyota wa Boston, aliuzwa kwa New York Yankees mwishoni mwa mwaka 1919, na watu wakaeleza kila msiba wa timu kwa jina la marehemu. Mwafrika akisema kuna dawa imezikwa kwenye goli, magazeti ya ng'ambo yanacheka. Mji mzima wa Boston, wenye vyuo vikuu maarufu duniani, uliongea juu ya laana miaka na miaka. Na laana, popote pale, inatafuta mtu wa kuikalia. Katika mitaa mingi ya Kongo inamkalia mtoto yatima au bibi mzee. Boston ilimkalia mtu wa kituo cha kwanza.

Buckner alicheza ligi kuu misimu 22, akapiga mipira iliyofanikiwa 2,715, na mwaka 1980 alikuwa wa kwanza kwa upigaji katika ligi yake. Yote yalimezwa na sekunde moja. Alitishiwa kuuawa. Boston ilimwachilia mwaka 1987. Matusi hayakuisha, mpaka mwaka 1993 alihamisha familia yake kutoka eneo lile na kwenda Boise, katika jimbo la Idaho, mbali kabisa magharibi. Boise ndio mji ambao baadaye umepokea Wakongomani wengi waliokimbia vita. Yeye hakukimbia risasi, na hakuna anayefananisha. Alikimbia maneno tu. Lakini familia inayohama kwa sababu ya maneno nayo imehama.

Kongo inapashwa kuelewa jambo hili kuliko wengine, maana ina Buckner wake. Mwaka 1974, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi, Mwepu Ilunga, mtoto wa Lubumbashi, alitoka kwenye ukuta na kuupiga mbali mpira uliokuwa wa Wabrazil kupiga. Kadi ya njano, na dunia nzima ikacheka: tazameni Waafrika hawajui sheria. Walikuwa mabingwa wa Afrika! Mwenyewe alieleza baadaye kwamba sheria alizijua, na alifanya makusudi, kwa hasira. Alisimulia pia kwamba walikuwa wametishwa na watu wa Mobutu: wakifungwa mabao manne na Brazil, wasirudi nyumbani. Zaire walifungwa matatu. Video haionyeshi hofu hiyo, inaonyesha mguu tu.

Watu watasema ni utani, mpira ni kufurahi. Sawa. Lakini yule kijana aliyekosa penalti Jumapili kwenye kiwanja cha vumbi karibu na mahema hapati utani wa siku moja. Anapewa jina jipya, na jina hilo linamfuata kwenye foleni ya maji, na mama yake analisikia. Timu iliyokosa nafasi sita kabla ya penalti ile haipewi jina. Aliyepanga kikosi hapewi jina. Na mlinda lango wa upande mwingine, aliyeruka vizuri na kuudaka, hata hasifiwi. Watangazaji wa redio za mtaa wana sehemu yao katika hili, maana wao ndio wanaotaja jina la mkosaji mara kumi na la mdakaji mara moja.

Tarehe 8 mwezi wa nne 2008, Boston wakiwa tayari wameshinda kombe mara mbili, 2004 na 2007, walimwita Buckner kurusha mpira wa kufungua msimu wa nyumbani. Alitembea polepole kutoka mwisho wa uwanja, watu wote wamesimama wanapiga makofi, naye anafuta machozi. Aliudaka mwenzake wa zamani, Dwight Evans. Ilichukua miaka 22. Buckner alikufa mwezi wa tano 2019, na habari nyingi za kifo chake zilianza na mpira ule ule. Mookie Wilson, aliyeupiga, alikuwa amekwisha kuwa rafiki yake: walikaa meza moja mara nyingi, wakisaini picha ile pamoja.