Mabaka ya Uso: Yatokana na Nini?

Mabaka ya kahawia yatokeayo mashavuni, katika paji la uso na juu ya mdomo huwapata wanawake wengi, hasa waja wazito. Madaktari huyaita melasma. Si uchafu, si jicho la hasidi, wala hayaambukizi.

Ngozi ina seli zitengenezazo rangi. Homoni za mimba, au za vidonge vya kupanga uzazi, huziamsha, na jua likazichochea zaidi. Aliye na mama au dada mwenye mabaka haya huyapata kwa urahisi zaidi. Buibui husitiri mwili, lakini uso ukiwa wazi mwanga huufikia, hata kupitia kioo cha dirisha. Joto nalo huweza kuchangia.

Hatari kubwa imo katika mkorogo. Krimu zenye zebaki hudhuru figo, na sumu hiyo humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni nayo, ikitumiwa muda mrefu bila daktari, huweza kuzidisha weusi.

Basi dada, jikinge kwa mwavuli na mafuta ya kuzuia jua. Ikiwa watumia vidonge, usiviache kabla ya kushauriana na daktari. Mara nyingi mabaka ya mimba hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Subira ni bora kuliko sumu.