Wenzao walimpa mkongwe redio, sisi tunamfungia geti

OKTOBA 14, 2012, jamaa mmoja wa Austria, Felix Baumgartner, alisimama kwenye mlango wa chombo kilichoning'inia chini ya puto, kilomita 39 juu ya jangwa la New Mexico, Marekani. Akaruka. Akashuka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 1,350 kwa saa, akaipita hata kasi ya sauti. Dunia nzima ikamshangilia.

Leo simzungumzii Felix. Namzungumzia babu aliyekuwa chini kwenye chumba cha mawasiliano, redio mkononi.

Anaitwa Joe Kittinger. Siku ile alikuwa na miaka 84. Wakati puto linapanda, sauti iliyomwongoza Felix ilikuwa yake. Alimpitisha kwenye mambo ya kukagua, moja baada ya jingine, taratibu, kama kocha anayemtuliza beki chipukizi kabla ya dabi.

Kwa nini yeye? Kwa sababu rekodi ya kuruka kutoka juu zaidi, iliyokuwa inakwenda kuvunjwa siku hiyo, ilikuwa ya kwake.

Agosti 16, 1960, akiwa kapteni wa Jeshi la Anga la Marekani, Kittinger aliruka kutoka kilomita 31. Wakati anapanda, glavu ya mkono wa kulia ilishindwa kushika hewa na mkono ukavimba vibaya. Akakaa kimya, akiogopa wenzake chini wangesitisha safari. Akaruka hivyo hivyo, akashuka kwa dakika 4 na sekunde 36 kabla mwamvuli mkubwa haujafunguka.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu kwenye mradi ule. Mara ya kwanza, Novemba 1959, nusura afe. Mwamvuli mdogo wa kumzuia asizunguke ulitoka mapema mno, kamba ikamkaba shingo, akazunguka kama pia hadi akapoteza fahamu. Kilichomwokoa ni mwamvuli uliojifungua wenyewe. Hata mwezi haujaisha, akaruka tena.

Rekodi yake ilikaa miaka 52. Mmarekani mwenzake, Nick Piantanida, aliitafuta mwaka 1966. Suti yake ilipoteza hewa angani na miezi michache baadaye akafariki.

Sasa fikiria kikosi cha Felix. Kilikuwa na wahandisi, madaktari, kompyuta na pesa za kutosha. Lakini pale chumbani mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kusimama kwenye mlango kama ule na kutazama chini. Felix alipoanza kuzunguka hovyo angani, Kittinger alijua mwilini mwake maana ya kitu kile. Ujuzi wa namna hiyo haumo kwenye kompyuta yoyote.

Njoo kwetu sasa.

Msimu uliopita nilikuwa getini kwenye mechi moja ya ligi. Mzee mmoja aliyewahi kuichezea timu mwenyeji kwa miaka mingi alikuwa anabishana na mlinzi ambaye hakumjua hata kidogo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mwanangu, hawa wananiuliza mimi nani." Akaingiza mkono mfukoni, akanunua tiketi ya mzunguko kwa pesa yake.

Nikaacha kiti changu cha waandishi, nikakaa naye. Dakika ya 15 akanigusa bega: "Mwangalie namba tatu wetu. Anatazama mpira tu, winga anapita mgongoni kwake." Kipindi cha pili tukafungwa kutokea upande uleule. Mzee hakushangilia kwamba alisema kweli. Alitikisa kichwa tu, na kwenye benchi hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Taifa Stars ilicheza AFCON ya Lagos mwaka 1980, ikarudi tena kule Misri mwaka 2019. Miaka 39! Muda wote huo, wachezaji pekee waliojua jezi ya Stars inavyokuwa nzito kwenye fainali zile walikuwa wale wa Lagos. Wanaondoka mmoja mmoja. Wengi tunawakumbuka siku ya rambirambi.

Najua mtaniambia wakongwe wana maneno mengi. Kila kitu "enzi zetu", vijana wa leo hawajui mpira. Ni kweli wapo wa hivyo, na wananichosha hata mimi. Soka limebadilika, leo kuna video na vifaa vya kupima mbio za mchezaji.

Ndiyo maana nampenda Kittinger. Hakukaa pembeni kusema enzi zake ndizo zilikuwa za wanaume. Alikaa kwenye redio kumsaidia kijana amnyang'anye rekodi, arudi chini mzima. Wakongwe wetu nao wajifunze hapo. Ukipewa nafasi, toa ujuzi, acha kejeli.

Lakini nafasi itolewe kwanza. Siombi mishahara. Naomba kadi ya kudumu ya kuingilia uwanjani, kiti kimoja mazoezini, saa moja kwa wiki na timu ya vijana, na mtu mwenye simu awarekodi wanachokumbuka. Klabu gani ya Ligi Kuu itashindwa hilo?

Kittinger alifariki Desemba 2022 akiwa na miaka 94, na kumbukumbu zake alishaziandika kitabuni. Felix naye alifariki Julai 2025 huko Italia. Wote wameondoka, lakini alichokijua mzee hakikuzikwa naye.

Yule mzee wa getini bado yupo, na namba yake ninayo. Klabu yake ikiitaka, inipigie.