Nani Kasema Tabora Waliiga Tu?

Zilipendwa zikijadiliwa mtandaoni, hakosekani mtu wa kudondosha hukumu ileile: wale jamaa waliiga Wacuba, na walipowachoka Wacuba wakaiga Wakongo. Basi, mjadala umekwisha. Nimechoshwa na hukumu hii, hasa kwa sababu wanaoitoa mara nyingi ni watu wa fasihi, sisi tunaojinasibu kujua jinsi maneno yanavyosafiri.

Kuazima kwenyewe hakuna anayekubishia. Kuanzia 1933 santuri za HMV za mfululizo wa GV zilisambaza Afrika nyimbo za Cuba, nyimbo za aina ya "El Manisero", ambao Don Azpiazú aliurekodi New York mwaka 1930. Bendi ya Salum Abdallah kule Morogoro ilianza ikiitwa La Paloma, jina la wimbo wa Mhispania Sebastián Iradier, kabla ya kuwa Cuban Marimba. Western Jazz ya Iddi Nhende, mtu wa Nzega, ilizaliwa Dar es Salaam lakini ilibeba jina la Jimbo la Magharibi, yaani Tabora na majirani zake, na mtindo wake ukaitwa Saboso. Sikio langu linasikia humo "sabroso", neno la Kihispania la kitu kitamu.

Sawa, waliazima. Sasa twende Hispania yenyewe, karne ya 13. Kasisi Gonzalo de Berceo alitunga "Milagros de Nuestra Señora", visa 25 vya miujiza ya Bikira Maria. Karibu vyote alivitoa kwenye maandishi ya Kilatini. Alichofanya ni kuvileta katika lugha ya watu wake, kwa beti za mistari minne yenye mizani 14 kila mstari na kina kimoja. Wahispania wanamhesabu miongoni mwa waasisi wa ushairi wao. Nenda kawaambie alikuwa mwigaji uone.

Na kwetu je? Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate, mwenye "Utendi wa Tambuka" wa 1728, alichota kwenye masimulizi ya Kiarabu ya vita vya Mtume. "Ngamia na Paa", utendi wa muujiza, nao una asili hiyohiyo. Tunawafundisha hawa madarasani, tunahesabu mizani yao kwa vidole, na ni haki yao. Ila mtu akiazima kutoka Arabuni anaitwa mshairi, akiazima kutoka Havana anaitwa mpiga dansi. Hapo ndipo naomba nielezwe tofauti, maana mimi naona ubwanyenye tu.

Tena tunaisema Tabora! Mji uliokuzwa na misafara ya pembe na watumwa, Kazeh ya wafanyabiashara wa Pwani, ambapo mpagazi wa Kinyamwezi alipita akienda na kurudi Bagamoyo. Kiswahili chenyewe kilifika huko kwa njia hiyo. Reli ikafika 1912, miaka miwili baadaye ikagusa Kigoma, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Ungetaka Tabora Jazz, Kiko Kids na Nyanyembe Jazz wazibe masikio?

Wasikilize kwa makini. Kwenye son ya Cuba kuna sehemu ya pili, montuno, ambapo kiitikio na ala vinatawala. Kwenye dansi letu kuna chemko, magitaa yanapochanganya na watu wanainuka. Mfupa huo unafanana. Lakini kabla ya chemko kuna mtu anazungumza Kiswahili: anamwita mwenzake kwa jina, analalamika, anaonya, anabembeleza. "Dada Asha" ya Shem Karenga na Tabora Jazz, wana Segere Matata, inaanza na undugu tangu kwenye jina lake. Hilo halikutoka kwenye santuri yoyote ya GV.

Wakati sisi tunabishana, kanda za Redio Tanzania zinazeeka, na santuri nyingi za bendi hizi, zilizotengenezwa Nairobi, zimeishia kwa wakusanyaji wa Ulaya. Tenzi zina matoleo yaliyohaririwa, yenye tanbihi na faharasa. Nyimbo za Tabora zina maneno yaliyosikika vibaya, yakaandikwa chini ya video. Wapo wazee pale mjini waliozicheza na wanazijua hadi silabi ya mwisho, na kalamu na daftari havina bei kubwa. Idara gani ya Kiswahili itamtuma mwanafunzi wake huko mwaka huu?