Nadharia Iliyokanushwa na Hukumu ya Umma

Aghalabu wanazuoni hudhani kwamba nadharia ikishakanushwa imekufa. Historia ya nadharia ya Wahamiti yathibitisha kinyume. Mwaka 1912, Carl Meinhof aliziweka Kimaasai, Kifulani na Kinama katika kundi la lugha za Kihamiti, akichanganya vigezo vya isimu na vya nasaba. Mwaka 1930, C. G. Seligman alidai kwamba ustaarabu wa Afrika ni kazi ya Wahamiti. Katika muongo huohuo, utawala wa Kibelgiji nchini Rwanda uliandika Uhutu, Ututsi na Utwa katika vitambulisho, na Watutsi wakahesabiwa kuwa Wahamiti waliotoka mbali.

Mwaka 1963, Joseph Greenberg aliainisha lugha za Afrika kwa vigezo vya lugha peke yake, na kundi hilo likafutika. Isitoshe, Wanyarwanda wote husema Kinyarwanda, lugha ya Kibantu. Hata hivyo, ukanushaji ulibaki vitabuni. Novemba 1992, Léon Mugesera aliuambia mkutano wa hadhara kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, maiti zilielea mtoni humo.

Hatudai kwamba nadharia ndiyo iliyoua. Waliopanga mauaji ni watu. Lakini iliwapa hoja yenye sura ya elimu. Kwa hiyo hatuna budi kukubali kwamba kukanusha kwa Kiingereza katika majarida yetu hakutoshi. Aliyehukumiwa kwa nadharia anastahili kuusikia ukanushaji wake kwa lugha aliyohukumiwa kwayo.