Pesa Inayokuja Haiombi Pesa

Ndugu, jamaa na marafiki huko nyumbani,

Nawaandikia kuhusu zile baruapepe zinazomwambia mtu kwamba ameshinda pauni laki nane za bahati nasibu ya Uingereza, au dola milioni moja kutoka Microsoft. Zamani ziliishia kwa wenye kukaa intaneti kafe. Leo zinamfikia muuza mboga sokoni, kwenye simu yake, kwa WhatsApp. Maonyo yamekwisha kutolewa mengi, na karibu yote yanasema jambo moja: tazama Kiingereza kibovu, tazama makosa ya herufi. Mimi naona onyo hilo linawatazamisha mahali pasipo penyewe. Dalili ya utapeli ni pesa inakotoka na inakokwenda, na nyinyi mnaopokea pesa kutoka kwetu mnaijua kanuni hiyo kuliko mtu yeyote.

Mtu wa huku akituma pesa kwa Western Union au MoneyGram, ada hulipa yeye anayetuma. Mpokeaji hutumiwa namba ya muamala, huenda kwa wakala na kitambulisho chake, huhesabiwa zake na kuondoka. Wakala akimwambia alete kwanza shilingi elfu hamsini ndipo mzigo wake "ufunguliwe", patakuwa na kelele hapo dukani na huenda polisi wakaitwa. Hata makato ya kutolea pesa kwenye simu hukatwa kwenye salio lililopo. Hakuna anayeingiza pesa mpya ili aruhusiwe kutoa za kwake. Sasa mtu huyohuyo, asiyekubali kuonewa na wakala wa mtaani kwake, akiandikiwa na mgeni asiyemjua kwamba alipe "ada ya kuhamisha zawadi", anakopa kwenye kikoba alipe. Nadhani sababu yake kubwa tunaibeba sisi tulioko huku. Picha tunazotuma, za magari na theluji na mikahawa, zimewaaminisha watu kwamba Ulaya pesa huja bila sababu, na tapeli anaijua imani hiyo vizuri sana.

Isomeni barua yenyewe polepole. Juu ina nembo, namba ya kumbukumbu na namba ya tiketi. Katikati inasema kompyuta imechagua anwani yako kati ya mamilioni. Chini kuna jina la "wakala wa madai" na anwani ya baruapepe ya bure, ya aina ambayo mtoto wa sekondari hujifungulia kwa dakika mbili. Lakini bahati nasibu huchagua namba za tiketi, na tiketi hununuliwa. El Gordo ya Hispania, inayochezeshwa kila tarehe 22 Desemba, hutoa mipira yenye namba zilizochapwa kwenye tiketi. National Lottery ya Uingereza haimuuzii tiketi mtu ambaye hayuko Uingereza au Isle of Man. Microsoft yenyewe haina bahati nasibu ya aina yoyote. Kwa hiyo jina la kampuni linaweza kuwa la kweli, na hata tovuti yake ukaikuta. Kilichoazimwa ni jina tu.

Najua mtakachosema: kila zawadi ina kodi, basi kulipa kidogo kwanza si ajabu. Kodi ipo, ndiyo, pale sheria inapoitaka. Marekani, mlipaji huzuia asilimia 24 kwenye ushindi wa bahati nasibu unaozidi dola 5,000, kisha ndipo mshindi akabidhiwe kilichobaki. Uingereza zawadi yenyewe haikatwi kodi. Mwenye zawadi ya pauni laki nane anayeshindwa kukata humo humo pauni mia mbili za "kodi", hana hizo laki nane. Na hiyo mia mbili huwa ya kwanza tu: ikilipwa, huzuka bima, halafu cheti cha kuthibitisha kwamba fedha si za ugaidi, halafu mwanasheria. Kila malipo hufanya yaliyotangulia yaonekane hasara mtu akiacha, na hapo ndipo wengi hukwama.

Pingamizi zito zaidi ni lile la bahati nasibu ya green card, yaani kibali cha kuishi Marekani, maana hiyo ni ya kweli, iliyowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1990, na wapo watu wetu waliofika huko kwa njia hiyo. Lakini tazameni inavyokwenda. Lazima uwe uliomba wewe mwenyewe. Matokeo huyatafuta mwenyewe kwenye tovuti ya serikali ya Marekani kwa namba ya uthibitisho uliyopewa ulipoomba. Serikali hiyo haimwandikii mtu baruapepe kumpa habari kwamba amechaguliwa. Na ada ya viza hulipwa kwa keshia wa ubalozi siku ya mahojiano, si kwa namba ya mtu binafsi.

Wapo pia wanaosema wanaolizwa ni wasiosoma. Lakini wazee wa Marekani, watu wenye akaunti benki na Kiingereza cha kuzaliwa nacho, wamepoteza mamilioni ya dola kwa matapeli wa bahati nasibu walioko Jamaika, hadi nchi hiyo ikatunga sheria maalumu mwaka 2013. Na kuhusu Kiingereza kibovu, Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, alieleza mwaka 2012 kwamba barua isiyoaminika inaweza kuwa chujio la makusudi: mwenye shaka anaifuta mapema, na tapeli anabaki na wale tu ambao hatapoteza muda wake kuwabembeleza. Siku hizi, tena, kompyuta humwandikia mtu Kiswahili safi kwa sekunde chache. Anayesubiri makosa ya herufi atangoja sana.

Mstari ninaouchukia kuliko yote katika barua hizo ni ule wa "iwe siri mpaka malipo yakamilike". Wanasema ni kuzuia madai ya watu wawili. Kazi yake hasa ni kukutenga na mjomba, binti au jirani ambaye angeuliza swali moja la kawaida. Basi ivunjeni siri hiyo. Tutumieni barua kabla ya kutuma chochote, hata nakala ya pasipoti, maana nayo hutumika kutapeli wengine kwa jina lako. Kwa ujumbe wa simu, Tanzania namba ya kuripoti ni 15040, na wateja wa Safaricom wa Kenya hutuma kwenye 333. Aliyekwisha kulipa apigie haraka benki au kampuni ya simu, huenda pesa haijatolewa. Na baada ya wiki chache akipigiwa na "wakili" au "afisa wa upelelezi" aliyezipata pesa zake, anayehitaji ada ndogo tu ili amrudishie, ajue jina lake limekwisha kuuzwa kwenye orodha ya waliowahi kulipa.

Wenu wa huku Uingereza.