Adui wa matumbawe tunamlinda wenyewe!

Wadau, vijana wetu wa Mji Mkongwe wanaocheza Pokémon wanamjua Mareanie, kiumbe wa sumu aliyetoka mwaka 2016. Chakula chake ni Corsola, kiumbe wa matumbawe.

Msicheke, huyo yupo kweli baharini kwetu! Ni kiti cha pweza mwenye miiba ya sumu, anayekula matumbawe hai. Walinzi wa hifadhi ya Chumbe wamekuwa wakiwaondoa.

Hivi nani humla? Konokono mkubwa wa baharini, tritoni. Nasi kwa miaka mingi tumemvua na kuwauzia watalii gamba lake liwe pambo sebuleni!

Mvuvi mwenye njaa simlaumu. Wewe mwenye duka, je? Matumbawe yakifa, samaki atakaa wapi?

Naomba kuwasilisha.